Programu Tisa, Bila Hata Wimbo Mmoja

BARUA

Mama Godelieve, wewe unayetuambia ukweli kila Alhamisi redioni, nakuandikia kutoka huku Nyamitaba nikiwa naona haya, na kabla hujanicheka nakuomba unisaidie kwanza, kucheka utacheka baadaye, maana jambo langu ukilisikia juu juu ni jambo dogo la simu, ila limenikosesha amani tangu msimu wa maharage uliopita, na sasa limefika mahali ambapo nikimwona mama mmoja mzee anakuja njiani mimi naacha njia na kupita katikati ya mashamba ya watu.

Mimi ni mpiga gitaa wa kwaya ya parokia, na niko peke yangu, kwa sababu kwaya yetu ina gitaa moja tu na ngoma mbili, na mtu anayetubeba sote ni Mama Dorothée, mjane wa miaka sitini na minane, mkulima wa maharage mwenye ng'ombe wawili, ambaye ametunga karibu nyimbo zote tunazoimba, thelathini na moja kwa hesabu ya katibu wetu, na hakuna hata moja iliyoandikwa kwa sababu yeye hakusoma shule, anatunga akipalilia, Jumamosi anatuimbia, Jumapili tunaimba misani. Sasa mwaka jana sauti yake ilianza kukwaruza, wakamteremsha kwa pikipiki mpaka hospitali ya Kirotshe, daktari akamwangalia kooni akasema kuna kitu kimeota pale sauti inapotokea na lazima kikatwe, na hakumficha, akamwambia kwamba baada ya kukatwa atazungumza vizuri lakini kuimba hawezi kumwahidi. Kwa sasa anaruhusiwa kuimba kwa sauti ya chini tu, misani anaanzisha wimbo kisha ananyamaza. Siku ya kukatwa imeshapangwa, ni wiki tano kutoka leo ninapoandika.

Basi kamati ya kwaya ilikaa, na rais wetu wa kwaya, mzee Papa Hilaire, akaninyooshea kidole mbele ya watu wote, akasema mwenye simu nzuri ni mimi:

«Thierry, weye njo uko na simu ya muzuri. Utafute mule application ya kuandika nyimbo za Mama na akodi zake, ili hata kama sauti inaenda, wimbo ibakie.»

Akodi, Mama Godelieve, ni vile vidole vinavyoshika nyuzi pamoja, unaandika juu ya maneno, hapa sol, hapa do, hapa re, ili mpiga gitaa mwingine hata wa mbali aweze kufuata bila kuniuliza mimi. Nilifurahi sana siku hiyo, nikasema nipeni wiki mbili. Hiyo ilikuwa miezi minane iliyopita.

Hapo ndipo shetani wa kuchagua aliponiingia. Programu ya kwanza ilikuwa nzuri lakini inataka mtandao kila saa, na mtandao wetu uko juu ya mlima kwenye malisho ya ng'ombe, nikapanda siku nne mfululizo nikarudi nimeloa ukungu. Ya pili ilifanya kazi bila mtandao, inaweka akodi juu ya neno lenyewe, inatoa na karatasi, sina la kuisema vibaya, ila rangi yake ilikuwa ya parachichi lililooza na mimi napenda kitu kinachopendeza, nikaifuta. Ya tatu inaandika herufi badala ya do-re-mi, ilinichukua wiki tatu kujua kwamba G ndiyo sol yetu, na nilipojua tu nikasikia kuna nyingine bora zaidi. Ya nne ilitaka kadi ya benki, nikaicheka, nikaifuta. Ya tano inasikiliza gitaa yenyewe na kukuambia unashika nini, na hiyo ndiyo iliyonichosha kabisa, maana mimi nashika sol, yenyewe inasema la, nashika do, yenyewe inasema re, tukabishana mimi na simu mpaka watu wa nyumbani wakafikiri nagombana na mtu. Ya sita, ya saba, ya nane, ya tisa, sitakuchosha. Mbili nimezifuta, saba ziko ndani, na sasa simu inaniandikia kwamba kumbukumbu imejaa na hata picha ya ubatizo wa mtoto wa dada yangu ilikataa kuingia.

Lakini ubaya wa zote ni mmoja. Kabla hujaandika hata neno moja zinakuuliza wimbo uko katika toni gani, yaani sauti inaanzia wapi, juu au chini. Na sisi huku, Mama Godelieve, wimbo hauna toni, una Mama Dorothée. Desturi ya kwaya yetu tangu zamani ni kwamba gitaa haliongozi, yeye anaanza peke yake ubeti wa kwanza pale anapojisikia, sisi tumenyamaza, na mimi wakati huo ninamtafuta kimyakimya, nina kipande cha krayo, penseli ya shule, ambacho nakifunga kwenye shingo ya gitaa kwa mpira wa baiskeli, nakisogeza chuma kimoja cha shingo, vyuma viwili, vitatu, mpaka nimpate, halafu ubeti wa pili ninaingia. Tunaita «kumutafuta Mama». Vidole vyangu havibadiliki, krayo ndiyo inayotembea. Jumapili moja anaanza chini, inayofuata anapanda, na kila mara mimi nilikuwa nafuta kila kitu kwenye simu na kuanza upya na toni mpya, kwa hiyo wimbo wa mavuno peke yake nimeuanza mara kumi na moja na sijafika kwenye kiitikio. Mwishowe nikamuuliza mwenyewe, Mama, huu wimbo unaanzia wapi hasa? Akanijibu:

«Inaanziaka fasi roho inasimama. Leo iko chini sababu nilibeba kuni. Kesho ikipanda, weye unifwate tu.»

Sasa jibu kama hilo, mahali roho inaposimama, unaliandika wapi ndani ya simu? Nikaona hapana, tatizo ni programu, nitafute nyingine.

Halafu kuna jambo la ndugu yangu Akilimali. Yeye anapiga gitaa kwenye kwaya ya Pinga, alikuja huku kwenye harusi akakaa wiki mbili, na jioni alikuwa anakwenda kwa Mama Dorothée na daftari la shule na kalamu ya bic, wanaketi jikoni, mama anaimba taratibu, yeye anaandika. Nilimcheka sana. Nilimwambia hiyo ni kazi ya babu zetu, ngoja utaona ya kwangu itakavyotoka kwenye mashine. Alirudi Pinga na nyimbo nne. Mwezi uliopita walitutumia sauti kwa simu, kwaya nzima ya Pinga inaimba nyimbo nne za Mama Dorothée, na gitaa linaingia ubeti wa pili, sawa kabisa. Mama aliposikia alilia, na mimi niliona uchungu, si kwa ajili yake, Mungu anisamehe, kwa ajili yangu.

Sasa nifike kwenye dhambi yenyewe. Miezi minne iliyopita kamati ilikaa tena wakaomba kuona kazi, na mimi sikuwa na kitu. Ndani ya programu ya saba kuna wimbo wa mfano ambao waliotengeneza waliuweka ili ujue inavyofanya kazi, wote ni Kiingereza, sijui unasema nini, ila umepangwa vizuri na akodi zimekaa juu kwa rangi nyekundu. Niliuchapisha mjini, nikauleta. Papa Hilaire akaushika mbali na macho kwa sababu miwani yake ilivunjika, akasema «Hii njo kazi!» na watu wakapiga makofi. Nikasema nyingine thelathini ziko tayari ndani ya simu. Mama Dorothée akauliza, huo ni upi katika nyimbo zake? Na mdomo wangu, Mama Godelieve, ukajibu wenyewe: «Ni ile ya mavuno, Mama.» Akaichukua ile karatasi kwa mikono miwili, akaikunja mara nne, akaitia ndani ya Biblia yake ambayo hawezi kuisoma lakini haiachi. Mpaka leo wageni wakifika anaitoa anawaonyesha, anasema:

«Muangalie, hii njo wimbo yangu. Mutoto yangu Thierry aliiandika mu masini.»

Na kila Jumapili tukitoka misani ananiuliza nyingine zimefika wapi, na mimi najibu, «Iko nakuya, Mama, iko nakuya,» halafu napita shambani.

Mtu mmoja tu anajua. Katibu wetu Solange, mwalimu wa shule ya msingi, ile karatasi ilimfikia mwisho kabla Mama hajaichukua, akaisoma, akanitazama. Tukiwa nje akaniambia polepole: «Thierry, Mama Dorothée alianzaka kuimba Kingereza siku gani?» Akaongeza: «Miye sitasema kitu. Utasema weye mwenyewe.»

Kwa hiyo, Mama Godelieve, swali langu ni hili: kati ya programu saba zilizobaki nichague ipi? Na je, iko programu inayoweza kuandika nyimbo thelathini na moja ndani ya wiki tano? Ninyi huko redioni mna wataalamu wa vyombo. Na lile jambo la karatasi nimelitaja tu ili uelewe, si lazima tuliguse.

Tafadhali usitaje jina langu.

Mpiga gitaa anayepita shambani, Nyamitaba


JIBU LA MAMA GODELIEVE

Mpiga gitaa wangu, uliniomba nicheke baadaye, nimeshindwa. Nilianza kucheka kwenye parachichi lililooza, na nilipofika kwenye ugomvi wako na simu, Jean-Marie anayeshika vyombo hapa studio alifungua mlango kuuliza kama niko mzima. Kisha nikafika kwenye Biblia, kicheko kikakatika. Kwa hiyo utaniwia radhi, leo nitakusema.

Tuanze na jina. Uliomba nisilitaje, na nimebadilisha la kwako, la mama, na la kila mtu uliyemwandika. Lakini mwanangu, umeniachia kwaya, ng'ombe wawili, koo, na gitaa lenye krayo na mpira wa baiskeli shingoni. Milima yetu ni mingi, gitaa kama hilo ni moja. Asubuhi hii kuna watu wako wamesimama na redio wakisema «eh!» na wewe unafikiri umejificha. Hilo nalo ulijue unaponisikiliza.

Sasa swali lako la programu. Nimemuuliza Jean-Marie, kwa sababu mimi mwenyewe simu yangu ni ya kupiga na kupokea. Ameniambia programu ya kuandika akodi inatakiwa ikubali kufanya kazi bila mtandao, ikuruhusu kuweka akodi juu ya silabi ile ile ambapo mkono unabadilika, na mwisho ikutolee karatasi ya kuchapisha. Mengine yote ni urembo. Kisha akanisomea barua yako kwa sauti na kunionyesha kwamba ulikuwa nayo. Ilikuwa ya pili. Uliifuta kwa sababu ya rangi! Mtu amepewa ng'ombe wa maziwa anamrudisha kwa sababu hapendi madoa yake, na wewe unatoka Nyamitaba, kwenye malisho ya ng'ombe, hilo ulipaswa kulijua.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Mimi nina mume, Karangwa, anabadilisha mpini wa jembe kila msimu, huu mzito, huu unateleza, huu una fundo, na shamba linalimwa na mimi. Nampenda, lakini simwiti mkulima. Wewe nawe, miezi minane una programu tisa na huna wimbo hata mmoja. Usiniambie unatafuta. Akilimali wa Pinga hakutafuta chochote. Alichukua daftari, akaketi jikoni kwa mama, akaandika. Ulimcheka, na sasa watu wa Pinga wanaimba. Mpigie simu leo umwombe msamaha, halafu muulize jinsi alivyoandika, maana anajua kitu ambacho wewe hukijui.

Na kitu chenyewe ni hiki cha toni, ambacho umekifanya kuwa mlima. Jean-Marie alicheka, lakini kwa heshima, kwa sababu yeye pia amekulia kwenye kwaya. Ile programu ya tano haikudanganya. Vidole vyako vinashika sol, krayo imekaa chuma cha pili, sauti inayotoka ni la. Wewe ulisema kweli na simu ilisema kweli, mligombana bure kama watu wawili wanaoita kijiji kimoja kwa majina mawili. Andika vidole vinavyoshika. Sol ni sol, do ni do, hata kama krayo imetembea mpaka katikati ya shingo. Programu ikikuuliza toni, ijibu sol uendelee na kazi yako, haitakukamata. Na juu kabisa, chini ya jina la wimbo, andika kwa maneno: ubeti wa kwanza mama peke yake, gitaa limtafute, liingie ubeti wa pili. Basi. Mpiga gitaa yeyote atakayesoma hapo ataelewa, na asiyeelewa hakufaa kupiga nyimbo hizo.

Tena huoni kwamba hilo ndilo jambo zuri kuliko yote uliyoniandikia? Ninyi mna desturi ya kumsikiliza mtu kwanza ndipo gitaa lifuate. Simu ikakuuliza swali moja la kijinga ukaanza kuionea desturi yenu haya, ukaona mama ndiye mwenye kasoro kwa sababu hatulii kwenye toni moja. Mama hana kasoro. Hiyo sehemu ya simu iliyouliza ilitengenezwa na watu ambao hawajawahi kumtafuta mtu.

Sasa nikuulize mimi. Simu yako imejaa mpaka picha ya ubatizo imekataa. Maana yake ni kwamba katika miezi minane hii, mama anaimba mbele yako kila Jumamosi na kila Jumapili, hukuwahi kubonyeza kile kitufe cha kurekodi hata mara moja? Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali uliporekodi. Hakuna. Umejaza simu vyombo vya kuwekea nyimbo mpaka imekosa nafasi ya sauti yenyewe. Hapo, mwanangu, sikucheka. Hapo nilikukasirikia.

Na nadhani ninajua kwa nini, ingawa wewe hukuniambia na labda hujajiambia. Siamini kwamba wewe ni mvivu. Mvivu hapandi mlima siku nne kwenye ukungu. Nadhani umemfuata mama huyo tangu ukiwa na vidole vidogo, na kuandika wimbo wa kwanza ni kukubali kwamba iko Jumapili ambapo utakaa na krayo yako na hakuna wa kumtafuta. Kwa hiyo umejipa kazi isiyoisha. Ukichagua programu, daktari anangoja. Ndivyo unavyoona moyoni. Lakini daktari hangoji. Hofu hiyo naielewa na haikufanyi mtu mbaya, ila ni yako, usimbebeshe mama.

Tukija kwenye karatasi. Umesema si lazima tuiguse. Tutaigusa. Mama ambaye hajui kusoma amekuamini wewe kuwa macho yake, ukampa wimbo wa watu wengine ukamwambia ni wake, na yeye ameuweka mahali patakatifu kuliko pote anapopajua. Anawaonyesha wageni. Siku moja atafika mgeni aliyesoma, mtawa au muuguzi, ataufungua na kucheka, na mama atachekewa mlangoni pake kwa kosa lako. Njia ya mwongo ni fupi, wewe umeshafika mwisho wake na bado unatembea. Solange amekuhurumia sana, amekuachia mlango wazi miezi yote hii. Mshukuru.

Basi sikiliza utakavyofanya. Barua yako imechukua siku kumi kunifikia kwa sababu ya barabara, kwa hiyo wiki tano zako si tano tena, ni tatu na nusu. Futa programu zote saba, zote, hata ile yenye herufi nyekundu, hasa hiyo. Irudishe ile ya pili, na rangi yake uizoee. Ukishaifuta mizigo hiyo, simu itakuwa na nafasi ya saa nyingi za sauti. Nenda kwa mama na gitaa, na daftari kama la Akilimali, na usimtume Papa Hilaire akutangulie na maneno matamu, wala usipeleke chupa ya kasikisi, ile pombe ya ndizi, ya kulainisha mambo. Nenda wewe na miguu yako, kwa njia, si shambani. Mwambie ile karatasi si wimbo wake, mwambie ulimdanganya, na umwambie zimeandikwa ngapi, yaani hakuna. Usiongeze «lakini». Ukisikia neno hilo linapanda kooni, limeze.

Kisha mwombe mwanzo mpya kama bado anakutaka. Muulizeni kwanza muuguzi wa kituo chenu cha afya mama anaweza kuimba kiasi gani kwa siku bila kujiumiza, na msizidishe hata kidogo. Asipaze. Aimbe vile mtu anavyombembeleza mtoto aliye mgongoni, ubeti na kiitikio, wewe ukirekodi, na maneno uandike kwa bic palepale ukimsomea ili akusahihishe. Solange akae nanyi, mkono wake ni mzuri na yeye atakuzuia usianze kuchagua aina ya daftari. Akodi utaziweka baadaye nyumbani, hizo ziko vidoleni mwako na haziendi hospitali. Zile nne za Pinga umwombe Akilimali akutumie picha, zimebaki ishirini na saba. Nyimbo mbili kwa siku, mkipumzika Jumapili, mnamaliza na siku zinabaki. Na zisipokwisha zote, zitakazokuwepo zitakuwepo, kumi ni nyingi kuliko hakuna.

Ukichapisha wa kwanza, uwe ule wa mavuno. Mpelekee, umwimbie kutoka kwenye karatasi, ukionyesha kwa kidole kila neno linapopita, ili ajue kwamba safari hii ni wake. Ile nyingine umwombe akurudishie. Asipokurudishia papo hapo usishangae, ameipenda muda mrefu.

Najua unachoogopa. Unaogopa atakavyokutazama, na atakayokuambia mbele ya watu, na wanawake wa Nyamitaba mimi nawajua, huenda majirani wote watasikia. Utavumilia. Mimi nisingekuogopea hayo hata kidogo. Ningeogopa uchelewe tena, ufike baada ya Kirotshe umkute amekaa kitandani na shingo imefungwa kitambaa, umwambie yote haya, naye akutazame tu bila neno.

Kwa hiyo zima redio sasa hivi, mwanangu, chukua gitaa utoke. Nenda wakati bado ana sauti ya kukugombeza.